Mathare na Jina la Pombe Yake

Mwalimu mmoja wa shule ya upili aliposikia kwamba natoka Mathare, aliniuliza mbele ya darasa iwapo nimemletea "kidogo". Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ilhali karo yangu ya muhula ule ilitoka katika pipa la busaa la nyanya yangu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa maktabani, nilisoma kuhusu Bordeaux, eneo la mvinyo mwekundu huko Ufaransa. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, madalali waliyapanga mashamba bora ya huko katika madaraja matano kwa kufuata bei, na mpango huo ungali unaheshimiwa hadi leo. Msikilizaji akitajiwa Médoc huona changarawe, zabibu za Cabernet Sauvignon, na mvinyo mkali ambao hulainika kwa miaka mingi. Jina la mahali limekuwa sifa.

Sisi nasi tuna mto, na mawe pia tunayo, kwani bonde letu lilikuwa machimbo. Busaa ina ufundi wake. Unga wa mahindi hulowekwa hadi uchachuke, hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Nyanya alijua kwa kunusa tu iwapo kimea kimekomaa. (Sijakutana bado na msifu mvinyo aliyenishawishi kwamba pua yake inaishinda hiyo.)

Lakini nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Mnamo Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Wanywaji waliiita kumikumi, kwa bei yake. Jina hilo halikumtaja mpishi wala mahali, hivyo hapakuwa na wa kuulizwa. Hata hivyo, aibu yake ilitambaa hadi kwetu, ng'ambo ya pili ya Eastlands. Sheria ya mwaka 2010 iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa zenye lebo. Ni nani bondeni mwetu aliyekuwa na mtaji wa chupa?

Bordeaux nayo ilipata fedheha. Mwaka 1974 wafanyabiashara wa huko walishtakiwa kwa kuuza mvinyo wa kwingineko kwa jina la Bordeaux. Walioaibika ni wao. Jina la mji likabaki na heshima yake. Kwetu kosa la mpishi mmoja hupewa bonde zima, pamoja na watoto wake.

Nilipokuwa nikijaza fomu ya kujiunga na shahada ya uzamili, palipohitaji mahali pa kuzaliwa niliandika Huruma, mtaa jirani. Nyanya, ambaye husoma polepole akifuatisha kidole, alifika hapo akasita.

"Mjukuu wangu," akasema, "huko Huruma ulizaliwa na nani?"

Nikaomba fomu nyingine.