Mjomba, Wasichimbe Zaidi

Minnesota, Marekani

Mjomba wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba ujenzi wa nyumba huko kwetu pwani, Mlingotini, umeanza. Ila uliponiambia fundi amekuta maji kabla shimo la choo halijamfika kifuani, na kwamba anataka kuchimba zaidi, nilikosa raha. Tafadhali mzuie.

Huku Minnesota, jimbo linalojiita nchi ya maziwa elfu kumi, maji ya ardhini nayo sehemu nyingi yako karibu na uso wa ardhi. Kwenye nyumba nyingi za mashambani bomba la maji taka la mji halifiki, kwa hiyo kila kaya husafisha yake. Kabla ya kujenga, mtaalamu hutoboa ardhi na kuisoma rangi yake: udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu unaonyesha maji hupanda hadi hapo wakati wa mvua, hata kama leo pamekauka. Kanuni zinataka futi 3 za udongo mkavu, karibu sentimita 90, kati ya maji taka yanapomwagwa na alama hiyo. Udongo wenye hewa hunasa vijidudu vikafa. Uliojaa maji huvisafirisha hadi kisimani.

Kina hicho kikikosekana, hawachimbi, wanainua. Hujenga tuta la mchanga, mtindo ulioboreshwa Chuo Kikuu cha Wisconsin miaka ya 1970. Maji hutulia kwanza kwenye tanki lisilovuja, tope likabaki chini. Kisha pampu ndogo huyapandisha kwa vipindi hadi kwenye mabomba yenye matundu madogo ndani ya tuta, na juu hupandwa nyasi.

Hayo yanawezekana kwetu. Msingi wa nyumba na tanki vikiinuliwa juu kuliko tuta, maji yatateremka yenyewe, hata umeme ukikatika. Mchanga uwe wa mto, wa chenga, ulioshwa. Usichote ufukweni: una chumvi, na bahari tayari inaila pwani yetu.

Tuta likishindikana, itazame Chumbe, kisiwa cha mwamba wa matumbawe karibu na Unguja. Vyoo vyake havitumii maji, kinyesi hugeuka mboji, na maji ya kuogea huchujwa kisha hupelekwa kwenye vitanda vya mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimetafiti vitanda vya matete vya kusafishia maji taka. Waulize kabla ya kumwaga zege.

Kwa sasa, fukieni hilo shimo. Masika yakikolea, toboeni tundu la majaribio, mpime maji yanafika wapi, ndipo mchore ramani ya choo. Na visima vya majirani vihesabiwe pia, maana maji ya chini hayajui bikoni za viwanja. Gharama ya tanki na mchanga niachieni mimi. Ninyi simamieni kipimo.

Wasalimie wote.

Mpwa wako