Barua kwa Kabula

Mwanangu Kabula,

Kitenge kimefika, bibi yako hataki kukivua. Alivuka juzi kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hatusubiri tena kivuko. Jumatatu nampeleka hospitali ya Bugando, ule uvimbe wa titi ukatwe kipande kidogo kikapimwe.

Baba yako anasema unataka tungoje kwanza, kwa kuwa umesoma habari za tiba ya chembe za sumaku zinazoifuata saratani popote ilipojificha. Nimezisoma habari hizo kwa makini, mwanangu, maana mimi nimezeekea kwenye uuguzi.

Chembe hizo zipo kweli. Ni oksidi ya chuma, na hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Lakini zikidungwa mshipani hazijui uvimbe uko wapi. Huchukuliwa na damu, na nyingi hunaswa kwenye ini na bandama kama dagaa wavuni, kwa kuwa seli za ulinzi za humo kazi yake ni kumeza kila kigeni. Zile ndogo kabisa hutoka na mkojo. Mwaka 2016 watafiti walipitia majaribio ya miaka kumi ya chembe za ukubwa huu kwa wanyama: kiasi cha kati kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 tu ya dozi. Nguvu ya sumaku ya kuzivuta kutoka nje nayo hulegea upesi, uvimbe ukiwa ndani zaidi.

Zinakofanya kazi vizuri ni kwingine. Ulaya na Marekani hudungwa kwenye titi lenyewe, zikafuata mkondo wa limfu hadi kwapani, na mpasuaji akajua ni tezi gani aitoe ikapimwe. Huo ni msaada wa upasuaji, Kabula, si mbadala wake.

Wodini nimewauguza kina mama waliokuwa wakingoja. Mmoja alingoja maombi, mwingine dawa ya mizizi, mwingine mwanawe arudi safari. Uvimbe haukumngoja hata mmoja wao. Usiniongezee bibi yako kwenye hao.

Akili yako ya sayansi naipenda, usiiache. Huku ziwani kichocho kimewavimbisha wengi ini na bandama, viungo vilevile vinavyozinasa chembe hizo. Waulize walimu wako tiba hiyo ipimwe vipi kwa watu kama sisi.

Jumapili jioni mpigie bibi. Mwambie aende. Habari za sumaku usimtajie. Anakuamini kuliko daktari.

Shangazi yako,
Nyegezi