Bustani ya Nakuru na Majibu ya Kina Mama

Msafiri atokaye pwani huanza kuhisi ubaridi wa Nakuru kabla hajauona mji. Basi hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, hupita Naivasha na Gilgil, kisha ziwa hutokea upande wa kushoto na Menengai upande wa kulia. Mji umebanwa kati ya hivyo viwili, mithili ya mtu aliyeketi baina ya wageni wawili wanene, asipate pa kunyoosha miguu.

Mitaa mikongwe ina majina tuliyoyazoea kwetu: Bondeni, kama ile ya Mombasa, na Kaloleni, kama ile ya Kilifi. Upo na mtaa uitwao Kivumbini, na wakati wa kiangazi jina hilo halihitaji mfasiri. Tulikaa huko siku chache kwa ajili ya darsa, tukawakuta vijana wa msikiti wakizungusha karatasi ya maswali mlango kwa mlango. Waliwauliza wakaazi ni mahali gani pa mapumziko wanapopahitaji, ili wapate la kusema kwenye baraza la kaunti. Tukaomba tufuatane nao.

Swali la kwanza lilikuwa: watoto wako huchezea wapi? Wengi walijibu kwa kuonyesha kidole tu, barabarani. Mama mmoja akatuelekeza upande wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, akasema, "Sheikh, nyati ana pa kukimbia, mwanangu hana." Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 188, imezungushiwa ua wa umeme, na kuingia ni kwa kiingilio. Hatuwaonei wivu wanyama, kwani pasipo ua huo faru wangekwisha kuuawa na majangili. Lakini neno la yule mama lilikuwa na uzito wake.

Kuulizana si jambo geni Nakuru. Mnamo 1995, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa makaazi, mji huu uliteuliwa pamoja na Essaouira ya Morocco na Vinh ya Vietnam ili wakaazi washirikishwe katika kupanga mji wao, na wakaazi wakataka mji wa watu ulio wa kijani. Katiba ya 2010 ikautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikatunukiwa hadhi ya jiji. Idhini ya kuuliza, basi, ipo.

Linalotushughulisha sisi ni nani anayeulizwa. Mkutano ukiitishwa ukumbini saa nne asubuhi, watakaofika ni wanaume wenye nafasi. Mama yuko gengeni, au jikoni, au ana mtoto mgonjwa mgongoni. Aliye edani hatoki kabisa. Kisha bustani hujengwa kwa rai za wale waliofika. Tulipita Nyayo Gardens, katikati ya mji, adhuhuri moja, tukaona wanaume wamejilaza kwenye nyasi na wanawake wakipita kwa haraka, mikoba wameikumbatia. Hakuna aliyewafukuza, lakini hawakukaa.

Tena swali lenyewe lina adabu yake. Ukimuuliza mtu kama anataka bustani, atasema ndiyo, na hapo hujajua kitu. Vijana wale waliuliza vizuri zaidi: ungekwenda saa ngapi, na nani, na kitu gani kingekurudisha nyumbani mapema? Majibu yakabadilika. Tulidhani bembea zingetajwa mwanzo, kumbe kilichotangulia ni choo safi chenye mlango unaofungika. Likafuata bomba la maji, ili magharibi isiwakute mbali na udhu. Kisha taa, kisha kivuli, kisha mabaraza ya kukalia yanayoelekea wanapocheza watoto, si yanayowapa mgongo. Wasichana wakubwa walitaka saa zao za kucheza mpira wa wavu bila ya kutazamwa. Hilo la mwisho halina gharama yoyote ila kukubaliana juu ya saa, nasi tulistaajabu kuwa halijawahi kuandikwa popote.

Baadhi ya wazee walinong'ona kuwa michezo ni upuuzi. Tuliwakumbusha kuwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alishindana mbio na Bibi Aisha, na akamwacha awatazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti. Wakanyamaza, mmoja akacheka.

Nasi wa pwani tuna bahari, ndipo tukajiona hatuna shida hiyo. Lakini tazameni Forodhani ya Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2009: familia huijaa baada ya magharibi kwa sababu pana mwangaza na chakula. Kwingineko njia ngapi za kwenda ufukweni zimezibwa na kuta za viwanja? Karatasi kama ile ikija Kisauni au Likoni, wake zetu na wajibu wenyewe.

Nyumba ya mwisho Kaloleni ilikuwa ya bibi asiyejua kuandika. Kijana alimsomea maswali yote, naye akayajibu kwa ufupi, kisha akauliza kama pana nafasi ya kuongeza neno. Palikuwa na mistari miwili. Akasema, "Andika bembea moja iwe chini. Mjukuu wangu mguu wake mmoja hauna nguvu."