Mnyaa wa Manyara: Shina lisilohitaji majani

Ziwa Manyara liko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania. Inaelezwa kuwa jina lake limetokana na neno la Kimasai la mnyaa, mmea unaopandwa kuzunguka maboma ili kulinda mifugo.

Majani ya mnyaa ni madogo mno na hupukutika mapema, hivyo maji mengi hayapotei. Kazi ya kutengeneza chakula hufanywa na shina na vitawi vya kijani, vinene kama penseli, ambavyo pia huhifadhi maji. Ndiyo maana nyasi zikikauka kiangazi, uzio wa mnyaa hubaki kijani.

Kinga yake nyingine ni utomvu mweupe kama maziwa. Mifugo huuepuka, lakini mtoto huvunja kitawi akicheza. Utomvu ukiingia jichoni huunguza kioo cha jicho na unaweza kumfanya asione kwa muda.

Likitokea hilo, asipikiche jicho. Mzazi alioshe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, asitie dawa ya kienyeji wala maziwa, kisha ampeleke mtoto kituo cha afya.