Cha Bure na Kilicho Huru: Kompyuta Yetu Yahamia Linux

Katika Kiswahili hatuna taabu ya kutofautisha kitu cha bure na kitu kilicho huru. Maji ya mvua ni ya bure. Ndege wa angani ni huru. Wala hakuna mtoto wa darasa la kwanza awezaye kuyachanganya maneno hayo mawili. Wafaransa nao wana maneno mawili. Waingereza hutumia neno moja kwa maana zote mbili, na kwa sababu hiyo watetezi wa programu huria waandikao kwa Kiingereza wamelazimika kwa miaka mingi kueleza na kueleza tena ni uhuru gani wanaoukusudia. Hapa tungependa kusimulia jinsi tofauti hiyo ilivyotudhihirikia sisi, walimu watatu wa Kiswahili wa Bujumbura, tulipobadilisha mfumo wa kompyuta ya idara yetu.

Kompyuta yenyewe ni ya kupakata, nayo ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Ndani yake mna mitihani ya miaka saba, pamoja na ngano na vitendawili walivyotukusanyia wanafunzi kutoka kwa wazee wao. Mfumo wake wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayoziamuru nyingine zote, ulitolewa mwaka 2015, na Oktoba 2025 watengenezaji wake waliacha kuutolea bure marekebisho ya usalama. Mfumo uliofuata ulidai mashine mpya kuliko yetu. Hivyo chombo kizima, chenye kioo kisicho na mkwaruzo, kikahesabiwa kuwa hakifai tena. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Programu za namna ile hata ukizilipia huwi mwenyewe. Umepewa ruhusa tu ya kuzitumia, na mwenye mali ndiye ajuaye siku ya mwisho.

Asili ya programu huria ni hii. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao kila mtu angekuwa na haki nne juu yake: kuutumia kwa kazi yoyote, kuyasoma maandishi yake ya ndani na kuyabadili, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia hata zile nakala alizozirekebisha mwenyewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini kilichokuwa kikikosekana, nacho kikaitwa Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na wenzake walitoa mfumo uitwao Ubuntu. Na juu ya msingi huo ukajengwa, tangu mwaka 2006, mfumo wa Linux Mint. Huo ndio tuliouchagua, kwa kuwa hauielemei kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4.

Mwenzetu aliyetuzidi umri hakukubali upesi. "Wanangu," alisema, "kitu cha bure hakikosi mwenyewe aliyejificha. Siweki mitihani yangu humo." Jina la Ubuntu lilimzidishia shaka, kwa maana katika Kirundi kitu kitolewacho ku buntu ni kitu kisicholipiwa. Tulimjibu kwamba lugha hiyo hiyo huuita ubuntu ule ukarimu unaomfanya mtu kuwa mtu, na kwamba shina lile lile limo katika neno letu utu. Jibu hilo lilimchekesha, lakini halikumridhisha. Na haki ilikuwa upande wake, kwani maana ya jina si dhamana ya mali.

Kilichomridhisha ni jaribio. Nakala ya mfumo, yenye ukubwa wa karibu gigabaiti 3, huchukuliwa kwenye intaneti na kuandikwa katika flashi. Kisha kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na mfumo mpya ukafanya kazi pasipo kugusa chochote kilichomo ndani. Kwa siku mbili tulijaribu hivyo sauti, mtandao, mashine ya kuchapia, na kibodi yetu ya Kifaransa. Halafu tulinakili mafaili yote katika diski mbili za nje, tukazihifadhi katika nyumba mbili tofauti, na hapo tu ndipo tuliporuhusu mfumo wa kale ufutwe. Kazi ya kufuta na kuweka haikufika saa moja.

Matatizo hayakukosekana. Mitihani iliyoandikwa kwa programu ya zamani ilifunguka katika LibreOffice, lakini baadhi ya majedwali yalihama mahali pake, kwa kuwa aina za herufi hazikuwa zile zile. Ilitubidi kuyapanga upya moja moja.

Lakini jambo lililotugusa zaidi, kama walimu wa lugha, lilikuwa jingine. Katika kuchagua lugha tulikuta Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania. Cha Burundi wala cha Kongo hatukukiona. Tulipokichagua kimojawapo, amri zilitokea nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza. Mwenzetu mkubwa, aliyekuwa na shaka, ndiye aliyeuliza kwanza: "Nani aliyetafsiri haya, na kwa nini hakumaliza?"

Swali hilo ndilo linalotenganisha bure na huru. Katika mfumo wa kuazima tungemwandikia mwenye mali na kungoja. Katika mfumo huria tafsiri ni kazi ya yeyote aliye tayari kuifanya, na asipomaliza mmoja humaliza mwingine. Mfano tunao: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu programu yenyewe iliruhusu kutafsiriwa na yeyote. Kwa hiyo pengo tunaloliona leo ni letu. Hatuna wa kumlaumu.

Sasa kila Ijumaa, baada ya vipindi, tunaandika katika daftari amri zilizobaki katika Kiingereza na kuzijadili: je, iwe ghairi au batilisha? Nywila au nenosiri? Wanafunzi wa darasa la mwisho hushiriki, na mara nyingi hutushinda kwa hoja. Tafsiri tulizokubaliana tutazipeleka kwa wasimamizi wa kazi hiyo, nao watazikubali au watazikataa.

Walimu wenzetu wa Kongo, Rwanda na Uganda, tunawaomba mfungue daftari kama hilo. Kompyuta iliyokataliwa inaweza kufundisha miaka mingine mingi. Na lugha tunayoifundisha ubaoni inastahili kusomeka pia pale mwanafunzi anapobonyeza ili kuhifadhi kazi yake.