Jiwe na Mti katika Jiko la Kambove

Ukishika njia ya kaskazini-magharibi kutoka Likasi, baada ya kilometa kama 25 wafika Kambove. Reli ilifika hapa mwaka 1913, ikiifuata shaba. Jina la mji huu limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa mawe, kwani tabaka moja la miamba ya Katanga wameliita Kambove. Juu ya miamba hiyo umeota msitu wa miombo. Basi mwenye kujenga nyumba huku amezungukwa na mawe na miti. Kazi yake ni kujua kuchagua.

Leo twapenda kusema habari za jiko. Ndicho chumba ambamo mama hushinda saa nyingi, nacho mara nyingi hujengwa mwisho, kwa fedha zilizosalia.

Vijana wanaooa siku hizi hutamani jiko la kisasa, lenye meza ya jiwe na makabati ya mbao. Tamaa hiyo ni njema, ila kila kitu kina mahali pake. Jiwe na likae penye moto na maji. Mti na ukae penye vyombo vikavu.

Kwa mbao, mninga wafaa sana. Ndio mti ule ambao Wabemba huuita mulombwa, wenye utomvu mwekundu kama damu. Mbao zake hazipindi upesi. Hata hivyo zikaushwe kwanza chini ya paa kwa miezi kadhaa, maana kiangazi cha Katanga huzisinyaza, na mvua zikirudi huvimba tena. Fundi mwerevu huacha nafasi ndogo kati ya ubao na jiwe, ili kimoja kisisukume kingine.

Na jiwe je? Malakiti, jiwe la kijani ambalo mafundi wa Katanga hulichonga shanga na visanduku, lapendeza macho kupita yote. Lakini ni laini, lina shaba ndani yake, na siki au limau hulila. Liwe pambo la sebuleni. Kwa meza ya kukatia mboga, graniti ni bora. Wataka kulijua jiwe kabla ya kulinunua? Litone maji ya limau, ungoje robo saa, kisha upanguse. Likitoa povu au kufifia mahali pale, halifai jikoni.

Tena kuna neno zito. Asiwepo mtu wa kuokota mawe katika vifusi vya migodi ili ajengee nyumba yake. Shinkolobwe, ambako ilitoka urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945, iko katika eneo hili hili la Kambove; serikali iliufunga mgodi huo kwa amri mwaka 2004. Mionzi ya urani haionekani wala hainuki, nayo hudhuru mwili polepole. Nunua jiwe kwa mtu awezaye kukuonyesha limetoka wapi.

Mwisho, tusisahau moshi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Graniti ing'aayo haimfai kitu mama anayekohoa. Kwa hiyo, kabla ya kununua jiwe, toboa madirisha mawili yanayotazamana, ukajenge na dohani juu ya meko. Nayo mbabula ya makala isiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake huua watu usingizini.

Makala hayo hutoka katika miombo ile ile inayotupa mbao. Meko yaliyozungushiwa udongo mzito hutunza joto, na bukari huiva kwa makala machache. Nyumba ikifanya hivyo mwaka hata mwaka, itaacha miti imesimama, na watoto wake watapata mbao za makabati yao.