Selimundu na Mbizi ya Pumzi Moja

Nina selimundu, na napenda bahari. Washkaji wangu tukienda Mbudya hushindana kuzama kwa pumzi moja, bila mtungi. Kila safari naambiwa, "We mbona uko fiti, zama tu!"

Kweli niko fiti, ila ufiti wangu unategemea oksijeni. Ikipungua mwilini, chembe zangu nyekundu za damu hupinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, maumivu yanaanza. Baridi na kukaukiwa maji mwilini huchochea yaleyale. Sasa mbizi hii ni kuipunguza oksijeni kwa makusudi! Na hatari kubwa iko wakati wa kupanda. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukipanda unashuka haraka, na mwili unashindwa kuvuta oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni. Hapo hata mzima huzimia.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na daktari wangu anasema hivyohivyo. Kuogelea naogelea, taratibu, nikichoka natoka. Nanyi mnaozama, msizame wote pamoja. Mmoja abaki juu akiwaangalia. Kazi hiyo naiweza.